UZI: Rosta ya wauguzi iandikwe kwenye mkataba wa hali bora, isibaki kichwani mwa inchaji

#1 – Mleta uzi

Wadau, habari za asubuhi. Nimetoka usiku, nimeoga, usingizi umegoma kuja, nikaona niandike jambo ambalo nimelibeba muda mrefu.

Mimi ni muuguzi, mwaka wa kumi na moja huu, hospitali ya taasisi ya dini huku mikoani. Pia ni katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi. Ninayoyaandika ni ya wodini na ya meza ya majadiliano ya mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya maandishi kati ya chama na mwajiri, kote nimekaa.

Nianze na siku iliyonifanya nigombee ukatibu. Nilimaliza zamu ya usiku saa mbili asubuhi. Nimetoa ripoti, nimekabidhi funguo za kabati la dawa, napita ubaoni kwenye rosta, ile ratiba ya zamu anayoipanga inchaji (msimamizi wa wodi), kuangalia ofu zangu mbili, siku zangu za kupumzika. Jioni nilipoingia zilikuwepo, herufi O mbili mbele ya jina langu. Asubuhi ile O ya kwanza ilikuwa imefutwa kwa wino mweupe na juu yake imeandikwa J, yaani zamu ya jioni. Nilipoigusa, kidole kilitoka na weupe, wino ulikuwa haujakauka. Maana yake nirudi saa tisa mchana siku hiyo hiyo. Kutoka saa mbili asubuhi hadi saa tisa mchana ni masaa saba. Toa safari ya kwenda na kurudi, toa mtoto wa kumtoa homa kwa kitambaa cha maji, nililala masaa mawili na nusu.

Jioni ile nilisimama kitanda cha 6 na sindano ya mgonjwa wa kitanda cha 9. Mama wa watu akaniangalia akasema, "Nesi, mimi si daktari kasema sindano basi?" Nilirudi nyuma mikono ikitetemeka. Hakuna kilichotokea, Mungu alisaidia. Lakini yule mama alikuwa macho kuliko mimi, na sipendi kabisa usalama wa mgonjwa utegemee mgonjwa mwenyewe kuwa macho.

Sasa sheria inasemaje. Hapa kwetu Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mfanyakazi apate masaa 12 mfululizo ya mapumziko kati ya kumaliza kazi na kuanza tena. Yanaweza kushushwa hadi 8 kwa makubaliano ya maandishi, kama kazi yenyewe inakatwa katikati kwa masaa 3 au zaidi, au kama unaishi eneo la kazi (nyie wa kota za hospitali, someni hapo mara mbili). Mapumziko ya wiki ni masaa 24 mfululizo. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki na 9 kwa siku.

Hiyo 9 kwa siku ndiyo wengi hatuijui. Kwetu asubuhi ni saa 1:30 hadi 9:30 mchana, jioni saa 9:00 hadi saa 3:00 usiku, na usiku saa 2:30 hadi saa 2:00 asubuhi. Usiku ni masaa 11 na nusu. Ili mwajiri akuweke masaa hayo bila kulipa ya ziada, kifungu cha 21 kinamtaka awe na makubaliano ya maandishi ya wiki iliyobanwa, na hata hapo mwisho ni masaa 12 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Mimi nilipoanza kazi niliambiwa tu "usiku ni mrefu kidogo." Hakuna karatasi niliyotia saini.

Na posho. Usiku kisheria ni kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na nyongeza ni angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Chukua mshahara wa msingi wa 900,000. Kwa jedwali la sheria unagawa kwa 4.333 kupata wa wiki, kisha kwa 45. Inakuja kama 4,615 kwa saa. Asilimia 5 yake ni 231. Zamu yetu ina masaa 9 na nusu yanayoangukia ndani ya usiku wa kisheria, kwa hiyo ni kama 2,190 kwa usiku mzima. Bodaboda ya kurudi nyumbani na chai ya maziwa, imeisha. Sheria imeweka sakafu, na mkataba wa hali bora ndio mahali pa kuipandisha.

Nitaendelea mchana, macho yameanza kufunga.

#2 – Mdau, Kisumu

Pole dada. Hapa kwetu Kenya mkataba tunauita CBA. Mwaka 2017 wauguzi wa hospitali za umma tuligoma tangu Juni mpaka Novemba, karibu miezi mitano, kwa ajili ya mkataba huo. Nilikuwa barabarani na filimbi. Nikikumbuka sasa, midomo yetu yote ilikuwa kwa marupurupu. Siku tuliporudi kazini nilikuta ubao ule ule, na jina langu kwa naiti saba mfululizo. Hela ya sare haikuniongezea hata saa moja ya kulala. Endelea, nasoma.

#3 – Inchaji wa wodi

Mnatusema sana sisi mainchaji. Ngoja na mimi niseme.

Rosta naipanga nyumbani, usiku, juu ya meza ya kulia chakula, watoto wakishalala. Wodi yangu ina wauguzi 9. Mmoja ananyonyesha. Mwingine anasoma shahada, kila Jumamosi yuko darasani. Mwingine ana ndugu utawala, nikimpangia usiku simu inapigwa kutoka juu. Mwingine mgongo. Nikishabandika, simu zinaanza: "Dada naomba unisogeze." Wote wana sababu na sababu zote ni za kweli. Nikimpa kila mtu anachoomba, usiku unabaki na mtu mmoja, yule asiyejua kusema hapana.

Mimi siku hizi naingia usiku mwenyewe ili tu orodha ikae sawa. Wino mweupe ninao kwenye mkoba. Msinione katili.

#4 – Mleta uzi

Dada inchaji, shikamoo na pole sana. Sikuoni katili hata kidogo. Inchaji wangu wa siku ile ya wino mweupe alikuwa na hali kama yako, nilikuja kuijua baadaye nilipoanza kupiga hesabu. Na hesabu hiyo nataka kila mtu aifanye kwa wodi yake kabla ya kumnunia mtu.

Wodi yetu inataka wauguzi 4 asubuhi, 3 jioni, 2 usiku. Asubuhi 4 mara masaa 8 ni 32. Jioni 3 mara 6 ni 18. Usiku 2 mara 11.5 ni 23. Jumla masaa 73 kwa siku, 511 kwa wiki. Gawa kwa 45, unapata 11.4. Yaani watu 12, na hapo hakuna aliye likizo, hakuna anayeumwa, hakuna aliyejifungua. Likizo ya mwaka ni siku 28, ukiiingiza wanatakiwa 13. Likizo ya uzazi ni siku 84, na wodi zetu zimejaa wanawake wa umri wa kuzaa, kwa hiyo hata 13 ni roho mkononi.

Wewe una 9. Tisa mara 45 ni 405. Zinabaki saa 106 kila wiki bila mwenyewe. Wagawie hao 9, kila mmoja anabeba karibu masaa 12 ya ziada kwa wiki, kama 47 kwa wiki nne. Sheria inaruhusu muda wa ziada usiozidi masaa 50 kwa wiki nne. Umefika ukingoni na bado hakuna aliyekohoa. Mtu mmoja akienda likizo, waliobaki 8 wanabeba karibu masaa 19 kila mmoja kwa wiki, zaidi ya 75 kwa wiki nne. Sheria imevunjika, na aliyeivunja si wewe uliyekaa na penseli mezani. Ni yule aliyeamua wodi ile ina watu 9.

Ndiyo maana nasema rosta itoke kichwani mwa inchaji iingie kwenye mkataba. Sasa hivi upungufu wa hospitali nzima umewekwa juu ya kichwa chako, na sisi tunakuchukia wewe badala ya kumdai mwajiri. Na muda wa ziada ule ulipwe kama ziada, mara moja na nusu. Hospitali ikianza kulipa zile saa 106 kwa bei yake, siku mbili tatu itagundua yenyewe kwamba kuajiri ni nafuu.

#5 – Mdau mgeni kwenye uzi

Mimi ndiye huyo asiyejua kusema hapana. Nina mwaka wa tatu kazini, sijaolewa, sina mtoto. Krismasi tatu zote nimekuwa kazini. Kila nikiuliza naambiwa, "Wenzako wana familia." Na mimi nina mama. Yuko peke yake kijijini, ana kuku anamfuga kwa ajili ya siku nitakayokuja.

#6 – Mleta uzi

Mdogo wangu, umenigusa. Kwetu hili ndilo lililowasha moto kweli kweli, kuliko hata posho.

Kabla ya majadiliano, mimi na mwenyekiti wa tawi tuliomba rosta za miezi 12 kutoka faili la metroni, mkuu wa wauguzi. Tukakaa jikoni kwangu Jumapili nzima na daftari la mistari, kila jina na safu zake: usiku, Jumamosi na Jumapili, sikukuu, na mara ngapi mtu alitolewa kwenye ofu yake. Tulihesabu kwa vijiti kama watoto wa darasa la pili. Kufika saa kumi jioni mwenyekiti alinyamaza. Kuna dada mmoja wa wodi ya watoto, mpole, hana makuu, alikuwa na usiku zaidi ya mara mbili ya mwenzake waliyeanza naye kazi wiki moja. Hakuna aliyepanga kumwonea. Kila mwezi peke yake ulikuwa unaonekana sawa. Ni mpaka uziweke zote kumi na mbili pamoja ndipo unaona.

Hapo ndipo nilipoelewa ninachotaka. Usawa wa zamu huwezi kuuona kwenye rosta ya mwezi, unauona kwenye kumbukumbu ya mwaka. Kipengele tulichokipigania kuliko vyote hakikuwa na shilingi ndani yake: kila wodi iwe na daftari la zamu, lionyeshe jumla za kila muuguzi tangu Januari, na kila muuguzi aruhusiwe kulifungua siku yoyote bila kuomba ruhusa.

Kuhusu sikukuu, tuliandika hivi: aliyefanya kazi Krismasi mwaka huu, mwakani hapangwi mpaka wengine wote wa wodi wawe wamefikiwa. Vivyo hivyo Idd zote mbili, Pasaka na mwaka mpya. Kuwa na mume au mtoto hakuhesabiwi. Anayetaka kubadilishana na mwenzake abadilishane, na huku kwetu Waislamu na Wakristo wamekuwa wakishikiana sikukuu tangu zamani bila kuambiwa na mtu, jambo ninalolipenda sana katika kazi hii. Lakini mabadilishano yaandikwe daftarini, ili wema wa mtu usigeuke kuwa ratiba yake ya kudumu. Na sikukuu ya kitaifa ukifanya kazi ni malipo mara mbili kwa saa, hiyo ipo kwenye sheria, siyo hisani.

Wanaolindwa wasipangwe usiku ni waliotajwa na sheria: mjamzito miezi miwili kabla ya kujifungua, mama miezi miwili baada, na yeyote mwenye cheti cha daktari kwamba hafai usiku. Anayenyonyesha ana hadi masaa mawili kwa siku ya kunyonyesha ndani ya saa za kazi. Hao hatuwagusi. Ukiacha suala la umri, waliobaki wote ni sawa, akiwemo mwenye ndugu utawala.

#7 – Muuguzi mkongwe

Mwanangu, naheshimu kazi yenu. Ila nina miaka 53, nimekesha wodini tangu wengine hamjazaliwa. Kwetu wakubwa hatukuwa tunapangwa usiku, ilikuwa heshima ya nyumba. Mkataba kama wenu ukija si utanirudisha huko? Magoti yenyewe ndiyo haya.

#8 – Mleta uzi

Shikamoo mama. Sitakuficha, hapo ndipo tulipoumizana.

Kwetu wenye miaka 50 na kuendelea walikuwa hawaingii usiku, kwa mazoea tu. Vijana wakasema hesabu haikai: wodi ya watu 10, watatu hawaingii usiku, saba wanabeba wote. Wakubwa wakasema mnayoyasema leo mtayajutia mkifika umri wetu. Mkutano wa tawi uliendelea mpaka umeme ukakatika tukawasha tochi za simu. Mwisho tulipiga kura, umri ukawekwa 55. Mimi nilipiga kura ya 55. Wiki iliyofuata nilikutana na dada mmoja wa miaka 52 kwenye korido ya wodi ya upasuaji, amekaa kwenye kiti cha ndugu wa mgonjwa saa tisa usiku, amevua viatu, anajikanda kifundo cha mguu. Aliniangalia tu. Mpaka leo sijui kama tulikata mahali sahihi. Nikipata nafasi ya kulifungua tena, nitaomba walio kati ya 50 na 55 wawe na ukomo wa usiku kwa mwezi badala ya kuwaweka sawa na wa miaka 25.

#9 – Mdau, Minnesota

Nawasalimu kutoka kwenye baridi. Nilisomea uuguzi Tanzania, sasa nina miaka tisa huku Marekani. Wadi yangu iko chini ya mkataba wa chama. Wikiendi unafanya moja, moja unapumzika, imeandikwa. Rosta tunaanza kujaza wenyewe kwenye kompyuta, kila mtu anachagua siku zake ndani ya masharti, kisha msimamizi anaziba mapengo.

Ila niwaambie ukweli: mkataba bila idadi ya watu ni kazi bure. Septemba 2022 wauguzi kama 15,000 hapa Minnesota walitoka kazini siku tatu, na idadi ya wauguzi wodini ilikuwa katikati ya ugomvi. California wana sheria iliyopitishwa 1999 ikaanza kutumika 2004, wodi ya kawaida muuguzi mmoja hazidishiwi wagonjwa watano. Huku kwetu hatuna. Je, nyinyi mliweka idadi?

#10 – Mleta uzi

Kaka, tuliomba, tukakataliwa. Mwajiri alisema yuko tayari kuzungumza kila kitu isipokuwa idadi ya watu wodini, na hakusogea vikao vitatu. Sisi kugoma hatuwezi, afya ni huduma muhimu kisheria, mgogoro ukikwama unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Tukaamua kuchukua kinachopatikana bila kufunga mlango.

Tulichopata ni hiki. Rosta inabandikwa siku 14 kabla ya kuanza. Ikishabandikwa haibadilishwi bila mhusika kutia saini pembeni ya jina lake, na wino mweupe umepigwa marufuku, kosa linakatwa kwa mstari mmoja ili la zamani lisomeke. Baada ya usiku haiji jioni. Usiku haizidi minne mfululizo, ikifuatwa na ofu mbili kamili, na siku unayotoka usiku asubuhi haihesabiwi kuwa ofu (hii ilituchukua kikao kizima peke yake, maana kwa miaka yote ile asubuhi ya kutoka ilikuwa inaandikwa "ofu" wakati umeshafanya kazi masaa manane tangu saa sita ya usiku). Anayemaliza jioni saa tatu anarudishwa na gari la hospitali. Mzunguko uende mbele, asubuhi kisha jioni kisha usiku, siyo kinyume, kwa sababu mwili unachelewesha usingizi kwa urahisi kuliko kuuwahisha.

Na idadi tuliingilia mlango wa nyuma: wodi ikizidisha masaa ya ziada ya kisheria wiki nne mfululizo, metroni anawajibika kuandika taarifa na tawi linapewa nakala. Tunazo nakala tano sasa. Tutakwenda nazo kwenye majadiliano yajayo.

#11 – Mdau, hospitali ya wilaya

Mleta uzi, mimi niko serikalini. Haya yananihusu?

#12 – Mleta uzi

Mkuu, posho na viwango vyenu vinapangwa juu, kwa taratibu za utumishi wa umma, na majadiliano yenu yana sheria yake ya 2003. Tawi lako haliwezi kukaa na mganga mfawidhi mkapandisha asilimia. Lakini daftari la zamu, siku 14, saini kabla ya kubadilisha, jioni isifuate usiku, hivyo havigusi kasma (fungu la bajeti) ya mtu yeyote. Vipeleke baraza la wafanyakazi. Nenda na hesabu za miezi 12 mkononi. Kwetu, siku tuliyoweka lile daftari la vijiti mezani, afisa utumishi aliacha kusema "wauguzi wanalalamika" akaanza kuuliza "hii ni wodi gani?"

#13 – Inchaji wa wodi

Nimesoma yote. Ile ya mtu kutia saini pembeni nimeipenda, itanipunguzia simu, nitawaambia si mimi, ni mkataba. Naomba unielekeze daftari mnalipangaje, nianze mwezi huu hata kabla ya mkataba.

#14 – Mleta uzi

Dada yangu, chukua kaunta buku, la kwea mbili linatosha mwaka. Ukurasa mmoja kwa muuguzi mmoja. Piga safu saba: mwezi, usiku, Jumamosi na Jumapili, sikukuu (andika jina la sikukuu, usiweke namba tu), masaa ya ziada, ofu zilizokatishwa, na mabadilishano pamoja na saini ya wote wawili. Mwisho wa mwezi unajumlisha na mwenye ukurasa anatia saini kwamba ni kweli. Ukipanga rosta mpya, anza na mwenye jumla ndogo ya usiku, ndiye anayetangulia kuandikwa usiku. Ukurasa wako mwenyewe uwe wa kwanza, na zile usiku unazoingia ili orodha ikae sawa uziandike zote, usijihurumie wala usizifiche.

Ofu zangu mbili zimeisha, naingia jioni leo. Nikitoka saa tatu nitapiga picha ukurasa wangu niuweke hapa muone ulivyo.